Nahamia Unguja na wanangu watatu: nitajuaje mtaa ni salama kabla sijalala usiku hata mmoja?

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 37, mkaazi wa Wete, Pemba, nilikozaliwa na nilikoolewa. Kazi yangu ni ukunga. Mwezi uliopita nimepata barua ya uhamisho kwenda hospitali moja mjini Unguja, na natakiwa niripoti mwezi wa saba. Mume wangu yuko Muscat mwaka wa tano sasa, anaendesha lori. Tunazungumza kila usiku. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 9, na mdogo wao wa miaka 4.

Kwetu mlango wa mbele hufungwa wakati wa kulala tu. Mwanangu wa miaka 9 akichelewa kurudi chuoni kwenye Kurani, kabla sijajitanda kanga nimtafute, kuna mtu keshanambia yuko kwa nani. Mjini nakujua kwa kupita. Nimekwenda kununua vitu Darajani, nimepeleka mgonjwa, nimehudhuria harusi, kisha nikapanda boti nikarudi.

Wiki mbili nyuma nilikwenda kwa siku mbili kutafuta nyumba, nikapata mbili. Ya kwanza iko Ng'ambo, si mbali na majumba ya Michenzani. Ni vyumba viwili na ukumbi katika nyumba ya wapangaji watatu, ua ni mmoja. Hospitali natembea kwa miguu robo saa. Kodi 200,000 kwa mwezi, wanataka miezi mitatu. Wako watu wa Wete mtaani pale, na mmoja nimesoma naye. Lakini kaka yangu, ambaye anaishi mjini, aliposikia jina la mtaa alishika kichwa. Anasema pale pana wahuni, mateja wana maskani yao pembeni, simu zinaporwa, na mtoto wa kike hapiti bila ya kupigiwa miluzi. Mimi nilipita saa nne asubuhi nikawakuta vijana sita barazani, mmoja amelala. Nikajikuta nimeukumbatia mkoba wangu.

Ya pili iko njia ya Fuoni, mbele kabisa, mtaa mpya. Nyumba nzima yetu peke yetu, ina ukuta, geti, nondo madirishani, na kimya. Dalali aliniambia, "Hapa hata kuku haibiwi." Nilimtumia mume wangu video, akasema chukua hiyo, nitalala usingizi nikijua mumo ndani ya ukuta. Kodi 300,000, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Jirani wa karibu yuko viwanja vitatu kutoka hapo, na baina yetu ni nyumba ambazo hazijamalizwa. Kutoka kituo cha daladala ni mwendo wa dakika 20, njia ya udongo.

Nitakuwa na zamu ya usiku mara mbili kwa wiki. Kwa hilo kaka kashanipatia ufumbuzi. Kijana wa shangazi yetu, ana miaka 23, anasomea ufundi umeme huko huko mjini, atahamia kwetu awe ndiye mwanamme wa nyumba. Nikiwa kazini yeye yupo.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, anasema niwaache watoto kwake, niende peke yangu. "Mji hauna mama," ananambia. Nikimtazama yule mdogo naona siwezi, nikimtazama binti naona labda mavyaa anasema kweli.

Mwenye nyumba wa njia ya Fuoni amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Naogopa nikichagua vibaya likatokea la kutokea, mume wangu hatanilaumu kwa mdomo, lakini mimi nitajua. Watoto sijawaambia lolote, sitaki kuwatia wasiwasi. Nauliza, mtu anaujuaje usalama wa mtaa ambao hajalala hata usiku mmoja?

Mama wa watatu, Wete

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, mdogo wangu.

Kwanza nikwambie kuwa jina la mtaa wa Ng'ambo ulilonitajia nimelifuta. Watoto wanaokulia pale wanajua jina la mtaa wao linavyowatangulia wakienda kuomba kazi, wakipeleka posa, hata wakijibizana na wenzao skuli. Sikutaka safu hii iwaongezee mzigo huo, hasa kwa kuwa hadi sasa ushahidi tulionao ni kichwa alichokishika kaka yako na vijana sita uliowaona barazani saa nne asubuhi.

Simpuuzi kaka yako. Anakupenda, na yeye ndiye atakayeamshwa usiku likitokea jambo. Ila ningemuuliza maswali madogo madogo. Aliyeporwa simu ni nani? Lini? Saa ngapi? Aliporwa ndani ya mtaa, kwenye vichochoro vyake, au kwenye barabara kubwa anakopita kila mtu na vespa zinakimbia? Mtu akikujibu "pale pana sifa mbaya tu," amekueleza habari za jina. Akikwambia, "Mwezi wa pili, baada ya Isha, kwenye kona ya duka lililofungwa, alikuwa mke wa fulani," hapo una kitu mkononi. Utajua ni kona gani na saa gani, na utajua kama unaweza kuiepuka ukitoka kazini. Sifa za mitaa yetu hukaa miaka mingi baada ya waliozisababisha kuzeeka au kuhama. Na mtaa wenye sifa nzuri nao unaweza ukawa umeshabadilika, na wa mbali hawajapata habari.

Swali hilo hilo nampa dalali. Yeye hulipwa ukishatia saini, na maneno ya kuku kutoibiwa hayamgharimu kitu. Huenda hata ni kweli. Huenda pia hapana kuku.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeuliza juu ya mtaa, lakini mimi nimesikia zaidi juu ya usiku ule mara mbili kwa wiki ambao wewe utakuwa umeshika mtoto wa mwenzio na wako wamelala kwengine. Ndipo ninapotaka tukae kidogo, hata kama hukuniuliza.

Umeeleza vijana wa barazani, nondo, geti, miluzi. Kisha ukamtaja kijana wa shangazi yako kwa mstari mmoja, kuwa ni ufumbuzi. Mimi simjui, na sina neno baya juu yake. Inawezekana ni kijana mwema kabisa. Lakini wewe ni mkunga. Watoto wanaofikishwa hospitalini kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyopokea waliodhalilishwa, wewe au wenzako mmewaona kwa macho. Unajua ni mara ngapi aliyemdhuru mtoto ni mtu anayemjua, anayemwita kaka au ami, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia ndani. Khofu zetu nyingi tunazielekeza njiani, na mengi ya udhalilishaji hutokea ndani ya nyumba. Binti yako ana miaka 14. Kijana huyo si maharimu wake, wala si maharimu wako wewe ambaye mume yuko ng'ambo ya bahari. Hapo pana hatari ya mtoto, pana jina lako, na pana jina la kijana mwenyewe, ambaye majirani wanaweza kumsema bila ya kosa. Ukuta mrefu na jirani wa viwanja vitatu havipunguzi lolote katika hayo. Watoto wakipiga kelele usiku, nani atasikia?

Nakuomba ulipime hilo kabla ya kupima mtaa. Akilala mwengine badala yake, awe mwanamke mtu mzima, picha yote inabadilika. Mavyaa wako anataka watoto wabaki kwake. Je, umemuuliza kama yeye anaweza kuja kwao, hata kwa miezi mitatu ya mwanzo? Huenda akakataa. Ana nyumba yake, ana karafuu zake, na watu wazima hawang'oki kirahisi. Lakini ombi la "njoo" hupokelewa tofauti na ombi la "nilelee". Kuna pia kusema na mkuu wako wa zamu, kabla ya kuripoti, juu ya mama aliye peke yake na watoto watatu. Sikuahidi atakubali. Nakwambia tu kuwa akiulizwa mapema ana nafasi ya kupanga, na akiulizwa wiki ya tatu hana.

Sasa mitaa.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ilihesabu 893,169. Karibu watu laki tatu wameongezeka katika miaka 10. Ukitembea njia ya Fuoni, na kwengine pembezoni mwa mji, ongezeko hilo unaliona kwa macho: kila siku bloku zinapangwa, nyumba inahamiwa sakafu bado mbichi. Maana yake kwako ni kuwa mtaa ule mpya kila mtu ni mgeni. Hapana mzee anayejua mtoto huyu ni wa nani. Labda patakuja kuwa mtaa mzuri sana, na wewe ukawa miongoni mwa waliouanzisha, lakini mwaka wa kwanza utakuwa wa upweke. Zile nyumba ambazo hazijamalizwa uzitazame kwa jicho la mvulana wa miaka 9, maana ndimo atakamocheza. Uliza kama mna makaro, yale mashimo ya vyoo, yaliyochimbwa yakaachwa wazi. Mvua ikijaza shimo, mwanao mdogo wa miaka 4 hawezi kulitofautisha na dimbwi.

Bahati yako sasa ni masika. Watu hupenda kutazama nyumba jua likiwaka, mimi nakwambia panda boti katika mvua hizi hizi. Zipo sehemu za mji wetu zilizo bondeni ambazo maji huingia vyumbani. Tazama kuta kwa nje, karibu na ardhi, kama pana mstari wa matope. Mpaka rangi anaweza kuuficha ndani, nje huusahau. Tembea ile njia ya udongo dakika 20 ikiwa tope, saa utakayokuwa unatoka zamu. Muulize utingo daladala ya mwisho inapita saa ngapi, na ikikupita watu hufanyaje. Nadhani safari hiyo moja itakufunza kuliko video zote.

Ile nyumba ya Ng'ambo nayo usiitazame kwa saa nne ya asubuhi peke yake. Huyo mwenzako mliyesoma naye, mwambie ukweli, mwombe akulaze siku tatu. Ikiwezekana zisiwe siku za sikukuu, maana siku hizo mtaa unakuwa na nidhamu ya wageni. Amka na adhana ya alfajiri, simama mlangoni utazame: wazee wanakwenda msikitini mmoja mmoja au wanangojana? Baada ya Magharibi, wanawake wako barazani, au milango ishafungwa? Nguo zinalala kwenye kamba? Ndoo na sufuria zinaachwa uani, au kila kitu huingizwa ndani? Nenda kale urojo jioni, ukae kwenye benchi usiondoke upesi. Muuzaji wa urojo anamjua kila kijana wa pale kwa jina, na anajua pia yupi ameshavuka mpaka.

Juu ya hao mateja, sitakudanganya kuwa si kitu. Unga wa kulevya umezila nyumba nyingi za visiwa hivi, na mtu mwenye arosto, yaani aliyeukosa mwili ukamuuma, huchukua kilicho karibu: simu, viatu mlangoni, taa ya nje, mtungi wa gesi. Lakini angalia mtaa unaishi nao vipi. Kuna mitaa wanaitwa kwa majina, mama zao wanajulikana, wako waliopelekwa soba hausi kuachishwa unga wakarudi mafundi, na wakifanya kosa kuna mzee wa kuwaita. Kuna mitaa mengine wameachiwa kona na kila mtu ameinamisha kichwa. Ukikaa siku tatu utajua huu ni upi. Khofu yangu kwa pale, kusema kweli, si mwizi wa viatu. Ni mvulana wako kuanza kutumwa sigara na vijana wa maskani akaona ni heshima, na binti yako kupita mbele ya macho yale yale kila siku akienda skuli. Barza inayomlinda mtoto ndiyo hiyo hiyo inayomsema na kumtamani. Yote mawili yanakaa pamoja na sijawahi kuona mtaa wenye moja bila ya jengine.

Uende pia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, katika shehia zote mbili, na uende kabla ya kulipa. Utaratibu wetu unajulikana, mgeni hujitambulisha kwa sheha na barua ya sheha wa anakotoka, lakini wengi hufanya hivyo wakishahamia na mzigo umeshashuka. Wewe nenda ukiwa bado mikono mitupu. Muulize kama pana ulinzi wa jamii usiku, mtoto akipotea inafanywaje, na kesi ya mwisho ya udhalilishaji iliyofika kwake aliipeleka wapi. Sikiliza anavyojibu hili la mwisho. Sheha anayesema, "Sisi mambo hayo tunayamaliza wenyewe kwa wenyewe," amekwambia jambo kubwa juu ya usalama wa mwanao. Kisha uwaulize wanawake wa mtaa, bila ya sheha kuwapo.

Kaka yako anaweza kukuletea takwimu. Zipo. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa kila mwezi idadi ya matukio ya udhalilishaji yaliyoripotiwa, na si vibaya kuzisoma. Ila hupangwa kwa mikoa na wilaya, hazikufikii kwenye kichochoro. Na pale matukio yanaporipotiwa kwa wingi, pengine ni kwa sababu watu wa pale hawanyamazi. Usiichukue namba ndogo ukaiita amani.

Nondo za madirishani, ulizozisifu, nazitaka zitazamwe upya. Nyumba yenye mlango mmoja, madirisha yote nondo na mtungi wa gesi jikoni, moto ukizuka usiku watoto watatu watatokea wapi? Muulize mwenye nyumba kama dirisha moja linaweza kufanyiwa nondo ya kufunguka kwa ndani, na funguo ijulikane inapotundikwa. Binti na mvulana wazijue namba kwa moyo, polisi ni 112, zimamoto ni 114, na 116 ni simu ya msaada kwa mtoto. Hilo ni la nyumba yoyote utakayoichukua.

Kuwaacha Wete je? Sikuiona kuwa ni fikra mbaya. Skuli zetu huanza mwaka mwezi wa kwanza, wewe unahama katikati, na binti angeweza kumaliza mwaka huu pale pale akakufuata baadaye. Lakini ukimwacha yeye na wadogo wote, jichunge asije akawa yeye ndiye mama, maana bibi atachoka na atakayeamka usiku ni yeye. Ukimwacha yeye peke yake na kuwachukua wavulana, huenda akaelewa kuwa ndiye aliyeonekana mzigo. Ukiwaacha wote, huyo wa miaka 4 ameshazoea baba anayetoka kwenye simu. Sisemi haiwezekani. Familia nyingi za Pemba zimepita hapo na watoto wakakua vizuri. Nasema tu kwamba Wete nako mlango wako mlikuwa mnauacha wazi, na wewe mwenyewe ulikuwapo.

Hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi ni haraka ya mwenye nyumba. Wewe unaripoti mwezi wa saba. Miezi sita mbele kwa 300,000 ni shilingi 1,800,000, na fedha hizo zikishaingia mfukoni mwake, hata ukigundua jambo wiki ya pili utajilazimisha kukaa. Miezi mitatu ya kule Ng'ambo ni 600,000. Naitaja tofauti hii kwa sababu moja: uwezo wa kuondoka nao ni sehemu ya usalama, na kwa mama aliye peke yake ni sehemu kubwa. Jaribu kumwomba wa njia ya Fuoni apokee mitatu. Akikataa utajua, akikubali umepata njia ya kutokea.

Mume wako anataka kulala usingizi Muscat, na hilo ni la haki yake. Lakini kwenye video ameona ukuta, hajaiona ile njia ya tope wala yule jirani wa mbali. Ukienda safari hii, mpigie ukiwa njiani, si ukiwa umeshafika. Mtembeze na wewe kwa simu saa mbili ya usiku, huku na huku. Mweleze la kijana wa shangazi kama nilivyokueleza, kwa maneno yako. Kisha mwamue pamoja, kwa sababu lile uliloandika mwishoni, kwamba yeye hatakulaumu lakini wewe utajua, limeniuma. Umejibebesha peke yako jambo la watu wawili.

Na binti yako hujamwambia. Nimeelewa kwa nini. Ila ana miaka 14 na anakaa nyumba moja na simu yako. Sidhani kama hajui. Mchukue katika hizo siku tatu. Yeye ndiye atakayepita mbele ya maskani, ndiye atakayeshuka daladala na kufuata ile njia, na kuna vitu vya mtaa ambavyo msichana wa umri wake anaviona mara moja, mimi na wewe tumeshasahau kuvitazama. Mkirudi muulize akiwa jikoni na wewe, wavulana hawapo, na umuulize pia anamwonaje huyo kijana wa shangazi. Akinyamaza, usimharakishe.

Niandikie mkisharudi.